Kusoma Ugonjwa kwa Mwanga



Siku ya jua, simama ufukweni Mbamba Bay, au Liuli, au Lituhi, popote palipo karibu nawe. Tazama Ziwa Nyasa. Maji ni ya bluu. Sasa teka maji hayo kwa kata, uyamimine katika bilauri. Bluu iko wapi? Imebaki ziwani. Maji ya bilauri hayana rangi.

Wengi hujibu hivi: "Bluu ile ni ya anga. Ziwa ni kama kioo tu." Jibu hili si la kijinga. Wataalamu wakubwa wa Ulaya nao walilitoa. Lakini mwaka 1921 Mhindi mmoja aitwaye Chandrasekhara Venkata Raman alikuwa anarudi kwao kwa meli kutoka Uingereza. Meli ilipopita katika Bahari ya Mediterania, Raman alitazama maji na hakuridhika na jibu lile. Alikuwa na kioo maalumu kinachozuia mng'aro wa anga unaorudi kutoka juu ya maji. Alipotazama kwa kioo hicho, mng'aro ulitoweka. Bluu ikabaki. Basi bluu ilitoka katika maji yenyewe.

Huenda unajiuliza, hayo yananihusu nini mimi mvuvi, au mimi mkulima wa kahawa? Swali lile la melini ndilo lililozaa njia ya kutazama ndani ya seli ya mwanadamu iliyoingiwa na virusi vya mafua au korona. Tutakwenda huko polepole. Njiani tutapita shambani na kwenye zahanati.

Rangi ni habari

Mkulima wa Mbinga hawezi kuona ndani ya tunda la kahawa. Hata hivyo anajua lipi limeiva. Akichuma, mkono wake unaliruka la kijani na kushika jekundu. Nani amemwambia kwamba hili limeiva na lile bado? Mwanga ndio uliomwambia.

Mwanga wa jua tunauona mweupe, kumbe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Darasa lenu linaweza kulithibitisha jambo hili. Chukueni beseni la maji. Wekeni ndani yake kioo cha kujitazamia, mkiegemeze ukingoni, nusu kikiwa ndani ya maji. Fanyeni hivyo asubuhi au jioni, jua likiwa chini, na beseni likiwa mbele ya ukuta wenye kivuli. Geuzeni kioo polepole mpaka mwanga urukie ukutani. Mtaona rangi za upinde wa mvua: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, bluu, zambarau. Msilitazame jua lenyewe ndani ya kioo, maana linaumiza macho.

Sasa rudi kwenye kahawa. Mwanga wenye rangi zote unapiga tunda. Ngozi ya tunda lililoiva humeza rangi nyingi na kurudisha nyekundu. Ngozi ya tunda bichi humeza nyekundu na kurudisha kijani. Tunda linapoiva, vitu vilivyo ndani ya ngozi yake hubadilika. Vitu vipya humeza mwanga kwa namna mpya. Kwa hiyo mwanga unaorudi machoni pako si ule ulioingia. Umebeba habari za mahali ulikopita.

Jambo hili lishike vizuri, maana somo lote linasimama juu yake.

Kazi ya kuugawa mwanga katika rangi zake, kisha kupima kila rangi imebaki kiasi gani, inaitwa spektroskopia. Usiliogope neno hili refu. Mchuma kahawa anaifanya kazi hiyo kwa macho. Mtaalamu anaifanya kwa chombo, tena anaandika alichokiona kwa tarakimu.

Macho yetu lakini hayaoni mwanga wote. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aligawa mwanga wa jua kama mlivyofanya ninyi na beseni. Akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kimoja akakiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote. Kipimajoto hicho kilipanda kuliko vyote. Hivyo kuna mwanga mwingine ng'ambo ya nyekundu, ambao tunausikia kama joto lakini hatuuoni. Unaitwa infraredi. Ukikaa karibu na makaa ya moto usiku, ngozi yako inaupokea.

Tochi na kidole

Usiku washa tochi, uweke kidole mbele ya balbu. Kidole kinang'aa chekundu. Nyama na damu zimemeza kijani na bluu, nyekundu ikapenya.

Sasa damu yenyewe haina rangi moja. Damu inayotoka mapafuni ikiwa imebeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Damu iliyoishiwa oksijeni ni nyekundu ya giza. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alitumia tofauti hiyo. Mwaka 1974 alionyesha jinsi ya kupima oksijeni ya damu bila kumchoma mgonjwa sindano. Kifaa kilichotokana na kazi yake kinaitwa oksimeta. Huenda umekiona zahanati au hospitali. Ni kidogo kama kibanio cha nguo, nacho hubanwa kidoleni.

Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili ndogo. Moja inatoa mwanga mwekundu, nyingine infraredi. Upande wa pili kuna kitu kinachopokea mwanga uliopenya. Damu yenye oksijeni inapitisha nyekundu na kumeza infraredi zaidi. Damu isiyo na oksijeni inameza nyekundu zaidi. Kifaa kinalinganisha mianga hiyo miwili na kutoa namba. Mtu mwenye afya anayeishi karibu na ziwa huonyesha 95 hadi 100. Huko juu Umatengo namba inaweza kuwa pungufu kidogo, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi zaidi. Lakini mtoto mgonjwa aliye chini ya 90 anahitaji oksijeni, tena upesi.

Ona pia mpaka wa kifaa hiki. Kinasema oksijeni imepungua. Hakisemi kwa nini. Mtoto mmoja ana bakteria mapafuni, na dawa ya kuua bakteria itamponya. Mwingine ana virusi, na dawa hiyo hiyo haitaviua hata kidogo. Kidoleni watoto hawa wawili wanaweza kuonyesha namba moja. Mganga anayewatazama hana hakika mara nyingi, akampa kila mmoja dawa ya bakteria ili asikosee. Simlaumu. Lakini tukizidi kuzitumia dawa hizo pasipohitajika, bakteria huzizoea, na siku ya kuhitajika hazifanyi kazi. Ndiyo sababu watu wanatafuta njia ya kusoma ugonjwa penyewe unapokaa, yaani ndani ya seli.

Mgeni asiye na jiko

Mwili wako umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Tofauti ni kwamba seli ni hai. Inakula, inafanya kazi, inajigawa. Ndani yake mna maji, mafuta, protini, na maandishi ya urithi yanayoiambia kazi za kufanya.

Seli ni ndogo sana. Kirusi ni kidogo zaidi. Virusi vya mafua 10,000 vikipangwa mstari mmoja vinajaza milimita moja tu. Kama seli ya pafu ingekuwa nyumba yenye upana wa hatua kumi, kirusi kingekuwa chungwa moja mlangoni.

Kirusi hakina jiko, hakina kinu, hakina unga. Peke yake hakiwezi kuzaa. Kina maandishi ya maagizo tu, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Virusi vya mafua na vya korona huvaa pia utando wa mafuta juu ya ganda hilo. Kirusi kinashika ukuta wa seli ya pua, koo au pafu, kinaingia, kinafungua maagizo yake. Seli inayasoma kama yake, kwa sababu haijui kukataa barua iliyokwisha kuingia ndani. Inaacha kazi za nyumbani, inaanza kupika kwa ajili ya mgeni. Inatengeneza protini za virusi na maandishi ya virusi. Kwa saa chache virusi vipya vinatoka, navyo vinakwenda kwa majirani.

Mwaka 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia ikimalizika, homa kali ya mafua ilienea duniani kote. Iliua mamilioni ya watu. Ilifika Afrika Mashariki pia, ambako askari na wapagazi walikuwa bado wanapita, hata katika nchi hii ya Songea. Wakati ule hakuna mganga yeyote, wa hapa wala wa Ulaya, aliyekijua kirusi hicho. Wengi walidhani ni bakteria. Ni mwaka 1933 watafiti wa London walipokipata kirusi cha mafua ya binadamu. Darubini ya kawaida haiwezi kukionyesha. Kinahitaji darubini ya elektroni, chombo kikubwa cha gharama, na kwa kawaida seli hukaushwa na kuuawa kabla ya kutazamwa humo. Ukitaka kujua ugonjwa unavyokwenda saa kwa saa ndani ya seli iliyo hai, chombo hicho hakikusaidii sana.

Hapo ndipo tunarudi kwa Raman.

Mlio wa kila ngoma

Raman alipofika Calcutta aliendelea na swali lake pamoja na wanafunzi wake. Alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha rangi ya zambarau, ukaingia ndani ya kimiminika safi. Mbele ya jicho akaweka kioo cha rangi nyingine, kinachozuia mwanga wote uliopita katika kile cha kwanza. Kama mwanga haukubadilika ndani ya kimiminika, angeona giza. Hakuona giza. Aliona mwanga hafifu sana. Maana yake, sehemu ndogo ya mwanga ilikuwa imebadilika rangi ndani ya kimiminika. Hiyo ilikuwa Februari 1928. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel, na mpaka leo India huadhimisha tarehe 28 Februari kama Siku ya Taifa ya Sayansi.

Kwa nini mwanga hubadilika? Kila kitu kimeundwa kwa molekuli, yaani vipande vidogo mno. Molekuli hazitulii. Zinatikisika, kila aina kwa namna yake. Mwanga ukigonga molekuli inayotikisika, mara chache huiachia nguvu kidogo au huichukulia kidogo. Ukitoka hapo rangi yake imesogea kidogo. Wewe ukisikia ngoma usiku kutoka kijiji cha pili, hujaiona, lakini unajua hii ni ya mganda na hii ni nyingine. Vivyo hivyo mafuta yana mlio wake, protini ina wake, maandishi ya urithi yana wake.

Mlio huo ni mdogo kweli. Katika punje milioni kumi za mwanga, karibu punje moja tu ndiyo inayobadilika namna hiyo. Jua na taa za kawaida hazikutosha kwa kazi kubwa. Njia hii ilipata nguvu baada ya mwaka 1960, ilipotengenezwa leza, yaani taa ya mwanga mkali wa rangi moja tupu.

Sasa tuingie maabara. Mtaalamu anakuza seli katika visahani. Zote ni za aina moja, zinakula chakula kimoja, zinakaa katika joto la mwili, nyuzi 37. Nusu ya visahani anatia virusi. Nusu nyingine hatii kitu. Kazi hii inafanyika katika chumba kilichofungwa vizuri, maana virusi hivyo vinaweza kumpata yeye mwenyewe. Kisha anaelekeza leza kwenye seli moja moja na kukusanya mwanga unaorudi. Chombo kinaugawa mwanga huo na kuchora mstari wenye vilele na mabonde.

Mvuvi wa usipa ataelewa mchoro huo upesi. Alfajiri, akirudi kutoka ziwani na taa zake, hatafuti kibao chenye jina la kijiji. Anatazama umbo la milima nyuma ya ufuko. Kilele hiki, bonde lile, basi hapa ni kwetu. Kama usiku ule kilele kimoja kingeshuka hata kidogo, angeshtuka. Mtaalamu naye anayajua "milima" ya seli nzima. Anatazama seli iliyotiwa virusi. Kilele cha mafuta kimebadilika, kwa kuwa mafuta ya seli yanatumika kwa kazi ya mgeni. Vilele vya protini na vya maandishi ya urithi vimebadilika pia. Seli yenyewe kwa darubini ya kawaida inaweza kuonekana bado haina shida yoyote, lakini mwanga umekwisha kutoa habari.

Faida yake ni nini? Ya kwanza ni kwamba seli haikupakwa rangi wala kuuawa, kwa hiyo inaweza kutazamwa tena baadaye. Nyingine, nami naiona kubwa zaidi, ni kujaribu dawa. Tia virusi, tia dawa, kisha utazame kama milima inarudi mahali pake. Ikirudi, dawa hiyo inastahili kuchunguzwa zaidi. Isiporudi, umejua mapema kabla ya kumpa mtu yeyote.

Lakini tusidanganyane. Seli yenye njaa nayo hubadilika. Seli iliyochomwa na leza kali hubadilika. Virusi vya aina mbili vinaweza kuibadili seli karibu sawa. Tofauti za milima hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kupima, kwa hiyo kompyuta hupewa kazi ya kuzitafuta. Na kompyuta haizaliwi na ujuzi. Inafundishwa kama ulivyofundishwa wewe. Ulipoanza kisomo, b na d zilikuchanganya. Ulizizoea kwa kuziona mara nyingi, na mwalimu akikuambia kila mara, hii ni b, hii ni d. Kompyuta nayo huonyeshwa mifano mingi ya seli nzima na seli gonjwa, na kila mfano umekwisha kuhakikishwa kwa kipimo kingine kinachoaminika. Mwalimu akikosea, mwanafunzi atakosea. Mifano ikiwa michache, mwanafunzi atababaika.

Ifakara

Usidhani kazi hii iko ng'ambo tu. Hapa Tanzania, Taasisi ya Afya Ifakara, mkoani Morogoro, inatumia infraredi. Wao hawakuanza na virusi vya mapafu. Walianza na adui mkubwa wa watu wa bondeni na ufukweni, malaria.

Mwaka 2019 watafiti wa Ifakara na wenzao wa Glasgow, Uingereza, walichapisha matokeo ya kazi moja. Kiongozi wa andiko hilo ni Emmanuel Mwanga. Naam, jina lake ni Mwanga, sikulitunga mimi. Walichukua matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, ya watu 296 kutoka kata 12 za kusini-mashariki mwa Tanzania. Wakayamulika kwa infraredi. Kila tone likachora milima yake. Kipimo cha vinasaba, ambacho ni cha kuaminika lakini cha gharama, kilikuwa kimeonyesha kwamba watu 123 walikuwa na vimelea vya malaria na 173 hawakuwa navyo. Hao ndio waliokuwa mifano ya kuifundishia kompyuta. Ilipojaribiwa kwa malaria ile ya kawaida yetu, kompyuta ilipatia karibu mara 92 katika kila 100.

Mara 92 ni nyingi. Lakini hesabu pia zile 8. Kama wewe ni mmoja wa wale wanane, kipimo kimekudanganya. Kwa hiyo njia hii bado inaendelea kuchunguzwa, na zahanati zetu zinaendelea kutumia kipimo cha haraka cha tone la damu na darubini.

Korona ilipoenea duniani kuanzia mwaka 2020, watafiti wa nchi nyingi walijaribu njia hiyo hiyo ya infraredi na ile ya Raman. Brazil na Australia walimulika ute wa koo na mate ili kutambua wenye virusi. Matokeo yalitia moyo, ila kipimo cha vinasaba ndicho kilichobaki kuwa cha kuhakikishia.

Kidole cheusi

Sasa turudi zahanati, kwenye kile kibanio cha kidoleni. Nimekiacha jambo moja kwa makusudi.

Tumesema kompyuta hufundishwa kwa mifano. Oksimeta nayo ilirekebishwa kwa kuwapima watu. Wengi wa watu hao walikuwa weupe. Lakini ile rangi inayofanya ngozi yetu iwe nyeusi nayo humeza mwanga. Mwezi Desemba 2020 waganga wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza walichokiona. Walichukua vipimo ambavyo oksimeta ilionyesha namba nzuri, kati ya 92 na 96. Wakavilinganisha na damu ya mshipa iliyopimwa maabara. Kwa wagonjwa weupe, karibu vipimo 4 katika 100 vilikuwa vimeficha upungufu mkubwa wa oksijeni, yaani chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi vilikuwa karibu 12.

Kifaa hakina ubaya na mtu. Mwanga ulisema kweli, lakini msomaji wake alifundishwa kwa mifano ya watu wengine. Hii ndiyo sababu mimi naithamini kazi ya Ifakara hata kabla haijakamilika. Inafundisha mashine kwa damu ya watu wa hapa.

Usiseme sasa kwamba oksimeta haifai. Inaokoa watoto wengi. Namba mbaya iamini, na mpeleke mtoto mahali penye oksijeni. Namba nzuri isikufumbe macho. Kama kidole ni cha baridi, kama kimepakwa hina nyeusi au rangi ya kucha, mwambie mganga abadili kidole au akipashe joto.

Nawe una kipimo chako, hakihitaji umeme. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake. Tazama saa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka kutimiza mwaka akifikia pumzi 50 au zaidi, anapumua haraka kuliko inavyopasa. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5, hesabu ni 40 au zaidi. Tazama pia sehemu ya chini ya kifua. Ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje asubuhi. Usingoje pia kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama ana degedege, au kama amelegea na haamki vizuri. Kutoka kijiji cha mlimani hadi Mbinga au Litembo ni safari, na kutoka ufukweni kwa mtumbwi hadi Liuli ni safari pia, hasa ziwa likichafuka. Anayeanza mapema ndiye anayefika.

Ukifika, mwambie mganga ile hesabu yako ya pumzi. Imeandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na saa ulipohesabu. Sasa unajua kuandika.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Fanyeni jaribio la beseni na kioo. Kila mmoja aandike rangi alizoziona kwa mpangilio wake.

2. Mchuma kahawa na mtaalamu wa maabara wanafanana katika jambo gani?

3. Kwa nini dawa ya kuua bakteria haimponyi mtoto mwenye virusi?

4. Oksimeta inaonyesha 95, lakini kifua cha mtoto kinabonyea ndani. Mama yake aambiwe nini?

5. Kila mmoja ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika moja, kisha abadilishane naye. Linganisheni hesabu zenu. Je, zinatofautiana na za mtoto mdogo mnayemjua?